Kompyuta inazima ukichomeka flashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara mezani kwangu, Mwanga, Kigoma

Meza yangu iko Mwanga, ubavuni mwa steshenari, na wateja wangu wengi ni wale wanaoishi kwa flashi: wenye vibanda vya kuingiza nyimbo na muvi, walimu wenye mitihani yao, makarani, vijana wa studio. Mashine inayozima pale tu flashi, printa au eksteno (diski ya nje ya kuhifadhia mafaili) inapochomekwa haikosekani mezani, na karibu kila anayeileta ameshalipia dawa ya ugonjwa mwingine. Haya ndiyo majibu ninayoyarudia. Mengine ni marefu kwa sababu huko ndiko hela za watu zinakopotelea.

Fundi, nikichomeka flashi tu mashine inazima pu! Flashi ina virusi?

Kirusi ni programu, na programu haifanyi lolote mpaka Windows iitambue flashi na kuanza kuisoma. Hapo zinapita sekunde kadhaa, na kwa hizi mashine zetu za mtumba zinapita nyingi. Mashine ikizima palepale chuma kinapogusa chuma, kabla hata ile sauti ya kutambua kifaa haijalia, huo ni umeme.

Jaribio lake ni la bure. Washa mashine uingie BIOS, ile programu ya mipangilio inayotangulia kabla ya Windows. Kwa nyingi unabonyeza Del au F2 mara tu inapowaka, kwa HP nyingi ni F10. Hapo Windows bado imelala. Chomeka flashi. Ikizima ukiwa humo humo ndani ya BIOS, Windows haina kesi ya kujibu, na atakayekwambia "ngoja nikupigie Windows mpya" anataka hela yako tu, au hajui.

Kuna tofauti gani kati ya kuzima, kujiwasha upya na skrini ya bluu?

Kubwa sana, na ndiyo swali langu la kwanza kwa kila anayefika. Wengi hujibu "inazima tu, fundi", nikiichomeka mwenyewe naona kumbe inajiwasha upya.

Ikizima moja kwa moja na ukibonyeza kitufe haiwaki mpaka uchomoe waya wa ukutani, usubiri dakika moja, urudishe, basi pawa saplai (kile kiboksi kinacholisha mashine umeme) imeona hatari ikajifungia. Mara nyingi hiyo ni shoti, yaani umeme umepita njia ya mkato.

Ikizima na kujiwasha yenyewe, kuna njia mbili. Huenda cheche au mshtuko wa umeme umeirudisha mwanzo. Au Windows imeanguka kwa skrini ya bluu lakini hukuiona, kwa sababu imepangwa ijiwashe haraka. Ili uione, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kwenye tabo ya Advanced, fungua kile kitufe cha mipangilio cha chini kabisa kati ya vitatu, uondoe tiki kwenye Automatically restart. Rudia kuchomeka. Skrini ya bluu ikibaki, piga picha yale maandishi kwa simu.

Wengine wanaingia kwenye kumbukumbu za Windows wanakuta tukio namba 41, Kernel-Power, wanakuja mbio wakidhani wamemkamata mwizi. Namba hiyo inasema kwamba mashine ilizimika bila kuaga, basi. Ni kama cheti cha kifo kilichoandikwa "alifariki".

Kitu kidogo kama flashi kinawezaje kuzima sipiyu, yaani boksi zima la kompyuta?

Flashi haina nguvu hiyo. Tundu la USB hutoa volti 5. Kwa USB 2.0 kifaa kinaruhusiwa kuvuta hadi miliampea 500, kwa USB 3.0 hadi 900, na flashi ya kawaida haifiki huko. Kinachozima mashine ni njia ya mkato ambayo flashi inaifungua.

Chukua flashi yako uangalie mdomo wake. Utaona vibati vinne vya rangi ya dhahabu. Viwili vya pembeni ni virefu kidogo kuliko viwili vya katikati, na vimetengenezwa hivyo makusudi: vya pembeni ni vya umeme, chanya na hasi, viguse kwanza, vya katikati ni vya data, vifuate. Ndani ya tundu la kompyuta kuna ulimi wa plastiki wenye vibati vinne vya kupokea. Chuma kinachouzunguka ulimi kimeungwa na hasi. Sasa ulimi ukivunjika, au kibati cha chanya kikipinda kikalalia chuma cha pembeni, volti 5 zinarudi nyumbani bila kupita kwenye kazi yoyote. Hiyo ndiyo shoti.

Nilikuwa na mteja wa Ujiji mwenye kibanda cha muvi. Kwa siku anachomeka flashi thelathini na zaidi, zote kwenye tundu moja la mbele, na nyingine anazisukuma kichwa chini miguu juu kwa sababu foleni imejaa. Mashine yake haikuzima kwa kila flashi. Ilizima kwa zile nene tu. Mafundi wawili walishamwambia flashi nene zina virusi vya muvi za Kikorea! Nilimulika tundu kwa tochi ya simu nikaona ulimi umepasuka katikati, na nusu moja inacheza kama jino la mtoto. Flashi nyembamba ilipita bila kuugusa. Nene iliusukuma upande, kibati cha kwanza kikabusu chuma, mashine ikazima. Pawa saplai yake ilikuwa nzima. Ilikuwa inajiokoa, siku nzima, na mwenyewe anaiwasha tena.

Mazabodi nyingi (ule ubao mkuu ndani ya mashine) zina fyuzi ndogo ya kila jozi ya matundu, ile inayopata moto ikakata na kupoa ikarudi yenyewe. Ila inahitaji muda kidogo kupata moto, na pawa saplai nyingi ni nyepesi kushtuka kuliko hiyo fyuzi.

Nitajuaje kama tundu lina shoti bila kuja kwako?

Kwa macho kwanza. Zima, chomoa waya ukutani, chukua tochi, linganisha tundu bovu na tundu zima. Ulimi uwe umenyooka, vibati vinne vilale sambamba, kusiwe na uzi wa chuma wala kutu ya kijani. Niliwahi kutoa pini ya steplesi iliyolala ndani ya tundu kwa utulivu kabisa.

Kama una mita ya fundi ya kupimia volti, mashine ikiwa haina umeme na umebonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili kumaliza chaji iliyobaki, weka mita kwenye mlio. Gusa kibati cha kwanza (chanya) na cha nne (hasi), halafu cha kwanza na chuma cha pembeni. Mlio mfupi unaokatika ni kapasita, vile vihifadhi chaji vya mazabodi, zinajaa, usiogope. Mlio usiokoma ni shoti. Usipime kwa kulazimisha ncha nene ya mita ndani ya tundu, utalivunja wewe sasa.

Matundu ya mbele yanazima, ya nyuma hayazimi. Kwa nini?

Ya nyuma yameshikwa kwenye mazabodi yenyewe. Ya mbele yamefungwa kwenye kesi, yanaletewa umeme na kebo inayochomekwa kwenye pini tisa za mazabodi, safu mbili, pini moja ikiwa imeachwa wazi kama alama. Kebo hiyo ndiyo inayoteseka: inabanwa na mfuniko, inakunjwa, na kila flashi ya mbele inaitikisa.

Kesi za zamani zilikuja na nyaya moja moja, fundi anazipanga kwa kusoma herufi ndogo. Hapo nilipata somo langu. Miaka ya mwanzo nilimfungia karani mmoja kesi ya mtumba, jua linazama, nataka nimalize niende nyumbani. Nikabadilisha nyekundu na nyeusi. Alipochomeka flashi yake tulisikia harufu kabla hatujaona kitu, na alipoichomoa aliitupa mezani maana ilimchoma vidole. Ilikuwa na orodha ya mishahara ya mwezi mzima. Nililipa flashi, orodha alikaa usiku kuiandika upya, na mpaka leo akipita pale mezani ananisalimia kwa "shikamoo, nyekundu" ingawa yeye ndiye mkubwa.

Jambo jingine la kuogopa: baadhi ya mazabodi za zamani zina pini za FireWire zenye umbo lilelile la za USB. Pini hizo za FireWire zinabeba kama volti 12. Ukichomeka kebo ya mbele hapo, kila flashi inayoingia inakufa. Soma maandishi ya kwenye ubao, usifuate umbo.

Dawa ya haraka ni kuichomoa kebo ya mbele kwenye mazabodi na kutumia ya nyuma. Mashine ikitulia, umeshapata jibu. Kwa wenye vibanda, nunua kamba ya kurefusha USB, uichomeke nyuma, mdomo wake uje mbele mezani. Itakapochakaa unatupa kamba, mazabodi inabaki salama.

Kila tundu linazima, mbele na nyuma, na kila kifaa.

Hapo macho yangu yanahamia kwenye pawa saplai. Nyaya zake zina lugha: nyekundu ni volti 5, njano 12, chungwa 3.3, nyeusi ni hasi, na zambarau ni zile volti 5 zinazobaki hai hata mashine ikiwa imezimwa. Nyekundu na zambarau ndizo zinazolisha USB, kutegemea mazabodi. Pima mashine ikiwa inafanya kazi: volti 5 inatakiwa isishuke chini ya 4.75 wala isipite 5.25. Nikiona 4.8 kabla ya kuchomeka kitu, najua hapo hakuna akiba, na eksteno ikianza kuzunguka itamaliza kilichobaki.

Angalia kapasita za mazabodi, yale madumu madogo. Kichwa chake kiwe bapa. Kilichovimba kama andazi, au kilichotoa uji wa kahawia, kimekwisha. Mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilisumbua sana kwa hili, na bado zipo kwenye ofisi zetu zinachapa barua.

Usiamini lebo. Pawa saplai nyepesi kama mfuko wa karanga haiwezi kuwa ya wati 500 hata ikiandikwa kwa rangi ya dhahabu. Na tafadhali, usiifungue. Kapasita yake kubwa inakaa na zaidi ya volti 300, na haziondoki kwa sababu tu umechomoa waya. Azima nyingine nzima, jaribu nayo. Ila baadhi ya Dell na HP zina plagi zao wenyewe, usilazimishe.

Nasisitiza kuazima kwanza kwa sababu ya jiografia. Vifaa vyetu vingi vinatoka Kariakoo, na kwa reli ya kati kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200. Ukiagiza kisichohusika umesubiri bure.

Kabla ya kuagiza, puliza vumbi. Lile vumbi letu jekundu likikutana na unyevu wa masika linashika kama udongo wa kufinyangia. Nimeshatoa mjusi mkavu kwenye feni, mende wasiohesabika, na mara moja kiota cha sisimizi juu ya pini za USB.

Nikigusa sipiyu napigwa kidogo, na nikichomeka waya wa printa cheche inaruka, mashine inajiwasha upya.

Hili ndilo ninalolikuta zaidi kwenye nyumba za kupanga, na ndilo ambalo hakuna anayelifikiria, kwa sababu liko ukutani.

Ndani ya pawa saplai kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja makelele ya umeme. Zinaungana katikati na bati la kesi, na bati linatakiwa liende ardhini kupitia waya wa ethi. Ethi ikiwepo, kinachovuja kinaondoka kimya. Isipokuwepo, bati linakaa kwenye karibu nusu ya umeme wa nyumba, yaani kama volti 115 kwa umeme wetu wa 230. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unahisi kama kuchomwa na mwiba badala ya kurushwa. Lakini kompyuta ikiwa inaelea kwenye volti 115 na printa iko kwingine kwenye sifuri, yakikutana kupitia waya wa USB tofauti hiyo yote inamwagika kwa mpigo mmoja. Siku nzuri mashine inajiwasha upya. Siku mbaya tundu la USB linakufa, la kompyuta au la printa.

Ethi inapotea wapi? Angalia mkononi mwako. Plagi yetu ina miguu mitatu, ule mrefu wa juu ndio wa ethi. Sasa mtu ana plagi ya miguu miwili, anachukua mfuniko wa kalamu, anausukuma kwenye tundu la juu ili milango ya chini ifunguke, anachomeka. Sote tumefanya. Hapo ethi imeagwa. Au ekstensheni ya bei rahisi: ina matundu matatu usoni, ukiifungua ndani unakuta nyaya mbili tu. Au soketi ina ethi, waya unateremka ukutani vizuri, unaishia kwenye plasta, haujawahi kuiona ardhi.

Fundi umeme mwenye mita atakwambia kwa dakika mbili. Kati ya moto na ethi asome karibu 230, kati ya nyutro na ethi asome volti chache tu. Akisoma vinginevyo, ichimbiwe fimbo ya ethi, na kazi hiyo ni yake, usijaribu mwenyewe. Wakati unasubiri, weka kompyuta na printa kwenye ekstensheni moja, na uunganishe waya wa USB vyote vikiwa vimezimwa na kuchomolewa ukutani, ndipo uwashe. Radi zikianza ng'ambo ya ziwa, chomoa kila kitu, ethi uwe nayo usiwe nayo.

Printa haizimi mashine ikichomekwa, inazima ikianza kuchapa.

Ni ya leza? Basi waya wa USB umesingiziwa. Printa ya leza inapasha moto roli la kugandishia wino, na kwa muda huo inavuta mamia ya wati kwa mkupuo. Kwenye ekstensheni moja dhaifu, umeme unazama kidogo na kompyuta yenye pawa saplai chovu inaanguka. Mpe printa soketi yake. Na printa hiyo usiichomeke kwenye UPS (ile betri ya akiba ya kompyuta), itailemea UPS.

Yangu ni laptopu. Inazima nikichomeka eksteno.

Jaribu mara mbili: chaja tu, halafu betri tu. Ikizima kwa betri pekee, betri imezeeka na volti zinaanguka ikidaiwa kidogo. Ikizima kwa chaja pekee, soma chaja. Iliyoandikwa volti 19 na ampea 3.42 ni ya wati 65. Ukipewa ya wati 45 yenye mdomo uleule itaingia, itachaji, na itakusaliti siku ya kazi. Ikizima kote kuwili, rudi juu kwenye swali la tundu, tochi ileile.

Flashi haizimi, ila eksteno na modemu zinazima.

Hizo ni walaji. Eksteno ya sahani inazunguka, na pale inapoanza kuzunguka ndipo inapokula zaidi. Modemu nayo inakula zaidi ukiwa mbali na mnara, kwa sababu inapaza sauti. Tumia habu (kigawanyio cha matundu ya USB) yenye adapta yake ya ukutani, au ile kebo ya eksteno yenye vichwa viwili, uchomeke vyote. Habu isiyo na adapta haiongezi umeme, inaugawa tu.

Inaniletea maandishi kwamba umeme wa USB umezidi, itazima baada ya sekunde 15.

Mazabodi za ASUS hufanya hivyo sana. Ishukuru, imekwambia wazi kinachokuumiza. Chomoa kila USB, hata kipanya. Maandishi yakiendelea, chomoa kebo ya mbele. Yakiendelea bado, tundu la nyuma lina shoti au mazabodi yenyewe imeumia.

Kwa hiyo Windows haihusiki kamwe?

Inahusika ikiwa BIOS inavumilia, ni kifaa kimoja tu kinachosumbua, na unaona skrini ya bluu. Hapo ni draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuelewana na kifaa. Ondoa draiva ya kifaa hicho, weka ya mtengenezaji wake. Dakika ishirini, bila kufuta picha za harusi ya mtu.

Umeme wa Kigoma ndio mbaya, si ninunue stabilaiza?

Tuna haki ya kulalamika. Miaka mingi mkoa huu uliishi kwa majenereta ya dizeli nje ya gridi ya taifa, na taa zikififia tulijua. Stabilaiza inasaidia volti zikipanda na kushuka. Kwa ulimi uliovunjika ndani ya tundu haisaidii chochote.

Flashi yangu sasa inaniambia ifomatiwe. Vitu vyangu vimekwenda?

Usikubali kuifomati. Ilikatiwa umeme katikati ya kuandika, na mara nyingi ni orodha ya mafaili tu iliyovurugika. Usiandike chochote juu yake, usiichomeke tena kwenye ile mashine bovu. Kwenye mashine nzima programu ya kurejesha mafaili huleta mengi. Kama flashi inapata moto kila ikichomekwa, hapo sina ahadi.

Nikija kwako nije na nini?

Sipiyu, waya wake wa umeme uleule unaoutumia, na kile kifaa chenyewe kinachoizima. Watu wanaleta sipiyu peke yake, naichomeka flashi yangu, inapiga kazi mpaka jioni, wanarudi nayo Gungu, inazima. Na kama unatumia mfuniko wa kalamu kwenye soketi, uje nao pia.